Hofu na Hatari: Matembezi Katika Bustani ya Alton Towers

Katika jimbo la Staffordshire, katikati ya Uingereza, kuna bustani kubwa sana ya michezo iitwayo Alton Towers. Watu huiendea kwa maelfu katika siku za joto, wazee kwa watoto, nao hulipa fedha nyingi ili watiwe hofu. Jambo hili laweza kuwashangaza wasomaji wetu kama lilivyonishangaza mimi, maana kwetu mtu akitaka kuogopa hana haja ya kununua tikiti. Hupita tu karibu na makaburi usiku, naye hupata hofu ya kumtosha bila ya malipo.

Nilipopata nafasi ya kwenda huko pamoja na rafiki zangu wawili, sikwenda kwa ajili ya kucheza tu. Nilitaka kujua mambo mawili: magari yale ya ajabu huendaje, na kwa nini watu waliomo hawaanguki. Majibu ya maswali hayo niliyapata. Lakini nilirudi na jibu la tatu ambalo sikulitafuta, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Zamani mahali hapo palikuwa makao ya mabwana wakubwa, Earl wa Shrewsbury na ukoo wake. Jumba lao lenye minara bado lasimama, ingawa sehemu kubwa yake ni magofu, na bustani zao za maua zapendeza mno. Mtu aweza kukaa huko mchana kutwa akitazama miti na maji, asijue kwamba ng'ambo ya pili watu wanapiga mayowe. Mwaka 1980 ilijengwa rolakosta kubwa ya kwanza, iliyowapindua watu kichwa chini miguu juu mara mbili. Hiyo ilifungwa mwaka 2008, lakini wakati huo nyingine zilikuwa zimekwisha kujengwa.

Rolakosta ni nini? Ni gari kama gari moshi dogo, lakini halina moshi wala injini. Hupita juu ya reli zilizoinuliwa kwa nguzo za chuma au za mbao, likipanda na kushuka vilima, likilala ubavu, na mara nyingine likigeuka juu chini. Mchezo huu ulianza Urusi. Karne nyingi zilizopita, watu wa huko walijenga vilima vya mbao wakati wa baridi, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, kisha wakateleza kutoka juu mpaka chini. Watoto wetu wanaoteleza mlimani juu ya magome ya migomba wanacheza mchezo ule ule. Baadaye Wafaransa wakatia magurudumu, na mwaka 1884 Mmarekani mmoja, LaMarcus Thompson, akafungua reli ya namna hiyo huko Coney Island, New York. Gari lake lilikwenda kilomita kumi tu kwa saa, yaani mtu anayekimbia angeweza kulifuata, na nauli yake ilikuwa senti tano. Hata hivyo watu walimiminika kulipanda.

Sasa tutazame jinsi gari lisilo na injini linavyoweza kwenda. Kwanza kuna mnyororo mrefu unaozungushwa na mota. Mnyororo huo hulishika gari na kulivuta polepole mpaka juu ya kilima cha kwanza. Likifika kileleni, mnyororo huliachia, na katika rolakosta nyingi halisukumwi tena tangu hapo. Mambo yote yanayofuata, yaani mbio, mizunguko na kupinduka, hulipwa kutoka katika kimo kile cha kwanza.

Yafaa tulifananishe na mtu aliyeweka akiba. Mnyororo ulipolivuta gari juu, uliliwekea akiba ya nguvu. Gari likishuka, hutoa akiba ile na kuigeuza kuwa mwendo. Likipanda kilima cha pili, mwendo hupungua, kwa kuwa sehemu yake hurudishwa katika akiba. Lakini kila mara kuna ada ya kulipa: upepo hulizuia gari, na magurudumu husuguana na reli. Ada hiyo hairudi. Kwa sababu hiyo kilima cha pili hakiwezi kuwa kirefu kama cha kwanza, na akiba huzidi kupungua mpaka gari linapofika nyumbani. Kila mwanafunzi aliyepanda baiskeli mahali penye milima ajua jambo hili kwa miguu yake. Akishuka mteremko bila kukanyaga pedali hupanda kidogo mlima unaofuata, lakini hafiki kimo kile alichotoka.

Alton Towers ina tabia yake ya peke yake. Wajenzi hawakuruhusiwa kupita vilele vya miti, ili wenyeji wa vijiji vya jirani wasiharibiwe mandhari yao. Basi walifanya nini? Walichimba. Rolakosta iitwayo Nemesis, iliyofunguliwa mwaka 1994, imekaa ndani ya shimo kubwa lililopasuliwa katika mwamba. Kimo chake juu ya ardhi ni mita 13 tu, lakini mteremko wake ni karibu mita 32. Abiria hawakai juu ya reli, bali huning'inia chini yake kama popo, miguu ikielea, na miamba hupita karibu sana na viatu vyao. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya. Hata chuma huzeeka, kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2022 ilifungwa, sehemu kubwa ya reli zake ikaondolewa na kutiwa mpya, ikafunguliwa tena mwaka 2024.

Lakini iliyonitia hofu kupita zote ni ile iitwayo Oblivion, iliyofunguliwa mwaka 1998. Gari lake lina safu mbili, kila safu watu wanane. Tulivutwa juu, tukafika ukingoni polepole, na hapo gari likashikwa. Nilikuwa safu ya mbele. Chini yangu sikuona sakafu wala reli, ila shimo jeusi ardhini lenye ukungu. Tulining'inia hivyo kwa muda wa sekunde chache, nami nikakumbuka dhambi zangu zote. Kisha tukaachiliwa. Kabla sijahesabu moja mpaka tano tulikuwa ndani ya giza chini ya ardhi, na mara tukatokea upande wa pili katika mwanga wa jua, rafiki yangu akicheka na mimi nikitafuta sauti yangu.

Wanafunzi wa fizikia wachukue kalamu sasa. Mteremko wa Oblivion ni mita 55. Zidisha 55 kwa 9.8, ambacho ni kipimo cha uvutano wa dunia, kisha zidisha kwa 2, utapata 1,078. Kipeuo cha pili cha hesabu hiyo ni karibu 33. Hizo ni mita kwa sekunde, yaani karibu kilomita 118 kwa saa. Mwendo wenyewe uliotangazwa ni karibu kilomita 110 kwa saa. Je, nane zile zimekwenda wapi? Ndiyo ile ada niliyoitaja, iliyolipwa kwa upepo na msuguano. Tazameni tena: katika hesabu ile hatukuuliza uzito wa abiria po pote. Mtu mnene na mtu mwembamba huanguka sawasawa. Hili Galileo alilifundisha zamani, lakini mimi nililisadiki siku ile.

Kabla ya kupanda Oblivion niliona jambo dogo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Penye mlango pana kipimo cha kimo, na asiyefika mita 1.4 haruhusiwi kupita. Mbele yetu alikuwapo mtoto mmoja pamoja na mama yake. Mtoto alipimwa, akapungua kidogo sana, labda upana wa vidole viwili. Akajinyosha, akapimwa tena, akapungua tena. Mama akasema kwamba wametoka mbali, na kwamba mtoto ameingojea siku hii tangu mwaka jana. Mhudumu alikuwa kijana tu, rika la wanafunzi wetu wa kidato cha sita. Alisikiliza kwa adabu, akaomba radhi, akakataa. Mtoto akalia kwa kwikwi, na watu waliokuwa katika mstari wakamtazama yule kijana kwa macho mabaya. Nakiri kwamba mimi pia nilimwona kuwa ana moyo mgumu. Nilijisemea, vidole viwili ni kitu gani?

Turudi katika swali la pili: kwa nini watu hawaanguki? Sababu ya kwanza imo katika magurudumu. Gari moshi la kawaida lina magurudumu juu ya reli tu. Rolakosta ina ya namna tatu. Mengine hukaa juu ya reli na kubeba uzito, mengine hukaa ubavuni na kulizuia gari lisitoke upande, na mengine hukaa chini ya reli na kulizuia lisiruke. Basi reli imekumbatiwa pande zote kama mkono unavyoshika fimbo. Magurudumu yale ya chini yaliletwa na Mmarekani John Miller, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1919, na tangu hapo wajenzi wakathubutu kutengeneza miteremko mikali.

Sababu ya pili mwaweza kuijaribu nyumbani. Chukua ndoo yenye maji kiasi, uizungushe kwa mkono mpaka ipite juu ya kichwa chako. Ukiizungusha kwa kasi, maji hayamwagiki, maana yanataka kwenda moja kwa moja, nayo ndoo inayalazimisha kupinda. Watu ndani ya rolakosta ni kama maji yale. Zamani wajenzi walitengeneza mzunguko wa duara kamili, kama ule wa Coney Island wa mwaka 1895, na abiria wakatoka na shingo zinazouma, kwa kuwa gari lilipoingia katika duara kwa kasi, uzito wao uliongezeka ghafula mara nyingi. Dawa ilikuwa kuubadili mzunguko wenyewe uwe na umbo la tone la maji, mpana chini na mwembamba juu, ili uzito uongezeke taratibu. Wajerumani Anton Schwarzkopf na Werner Stengel waliutumia katika rolakosta iliyofunguliwa California mwaka 1976. Hata hivyo, mahali pengine mtu wa kilo 60 hujiona ana kilo 200 kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu ye yote aliyepata kufanya kazi ya reli aijua kanuni hii: kipande kimoja cha njia, gari moshi moja. Gari la pili haliruhusiwi kuingia katika kipande mpaka lile la kwanza limetoka. Rolakosta hufuata kanuni hiyo hiyo. Njia yake imegawanywa vipande, na mwisho wa kila kipande pana mahali pa kulisimamisha gari. Kompyuta huhesabu magari yakiingia na kutoka. Kama gari moja halijatoka, linalofuata huzuiwa. Tena breki nyingi zimetengenezwa kwa hekima: hali yake ya kawaida ni kufunga, na nguvu hutumika kuzifungua. Nguvu ikikatika, breki hufunga zenyewe. Mtengenezaji alijiuliza, "Kitu kikiharibika, itakuwaje?" akahakikisha jibu liwe, "Gari litasimama."

Mtu akiyajua haya yote atauliza, je, ajali zaweza kutokea? Zaweza, na moja ilitokea Alton Towers penyewe. Yatupasa kuieleza kwa makini, kwa kuwa fundisho lake ni kubwa.

Mwaka 2013 ilifunguliwa huko rolakosta iitwayo Smiler, inayowapindua watu mara 14 katika safari moja, nayo ikapata sifa ya kuzishinda nyingine zote duniani kwa jambo hilo. Tarehe 2 Juni, 2015, siku ya upepo mkali, mafundi walipeleka gari tupu kulijaribu. Gari lile halikuwa na akiba ya kutosha kumaliza safari. Likakwama njiani, mahali ambapo wahusika hawakuliona. Gari lililofuata lilikuwa na watu 16. Kompyuta ilifanya kazi yake kama ilivyopasa: ililizuia. Lakini mafundi, wakiamini kwamba njia ni nyeupe na kwamba kompyuta imekosea, waliondoa kizuizi kile. Gari lenye watu likashuka, likaligonga lile tupu.

Watu watano waliumia vibaya, na wasichana wawili kati yao kila mmoja alipoteza mguu. Waokoaji walifanya kazi kwa zaidi ya saa nne kuwatoa wote. Mwaka 2016 kampuni yenye bustani ilikiri kosa mahakamani, ikatozwa faini ya pauni milioni tano. Wachunguzi wa Serikali walisema kwamba kosa halikuwa la mfanyakazi mmoja mmoja, bali la kampuni, ambayo haikuwawekea watu wake utaratibu mzuri wa kazi.

Fikirini jambo hili. Siku ile hapakuvunjika gurudumu. Hapakukatika mnyororo. Mizunguko 14 iliyowatisha watu haikumdhuru mtu hata mmoja. Kilichowadhuru kilitokea mahali pasipo na mayowe, pale watu wazima walipoambiwa na alama "Ngoja," nao wakaona hapana haja ya kungoja.

Hili ndilo jibu la tatu nililorudi nalo. Hofu ni kitu kimoja, na hatari ni kitu kingine, wala hazikai nyumba moja. Pale ukingoni mwa Oblivion nilikuwa na hofu kubwa na hatari ndogo sana, kwa kuwa wahandisi walikwisha kuhesabu kila mita ya kuanguka kwangu, na mafundi huikagua njia asubuhi kabla ya wageni kuingia. Kumbe mtu aweza kuwa katika hatari kubwa asione hofu hata kidogo. Mwili wetu huogopa kimo, giza na kelele. Hauogopi uzembe, maana uzembe hauna sura.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kuliona hilo. Tazama barabara zetu. Watu watatu hupanda bodaboda moja bila helmeti, wakiongea na kucheka. Hapana anayepiga mayowe. Dereva wa basi huambiwa na abiria wake aongeze mwendo, na aliye makini huitwa mwoga. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni. Wengi wao, naamini, hawakuwa na hofu asubuhi walipotoka nyumbani.

Mkipata nafasi ya kuzuru bustani kama ile, msiikose. Fungeni kamba za viatu, ondoeni vitu vyote mifukoni, msile sana kabla ya kupanda, na mkifika penye kipimo msibishane na mhudumu. Mimi namkumbuka mara nyingi yule kijana. Alikuwa na neno moja tu la kusema, watu wote wakamchukia kwa ajili ya neno hilo, naye hakulibadili. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Miongoni mwenu, wasomaji, watatoka wahandisi, madaktari, madereva na wakuu wa vituo, na siku moja kila mmoja atasimama mlangoni na kipimo chake, huku watu wakimwomba apunguze vidole viwili tu. Siku hiyo na akumbuke gari lile lenye watu 16, lililokuwa limesimama salama kabisa, mpaka mtu alipoliruhusu kwenda.